Sura ya Sita: Koo Lililokataa Haloo

Scott Adams, Mmarekani aliyechora katuni za Dilbert, alipoteza sauti mwaka 2005, na aliipoteza kwa namna ya ajabu. Jukwaani, mbele ya mamia ya watu, alihutubia bila shida. Akiimba, sauti ilitoka. Akisema peke yake chumbani, ilitoka. Lakini mtu mmoja akimkalia mkabala na kumuuliza hali, koo lilikaba na jibu likatoka vipande vipande. Simu ndiyo iliyomshinda kabisa. Mwaka uliofuata akagundua kwamba akighani maneno yenye vina na mapigo, mfano wa vishairi vya watoto, hayakwami. Akayarudia na kuyarudia, mpaka siku moja mazungumzo ya kawaida nayo yakapita, akawatangazia wasomaji wake kwamba sauti imerudi. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 2008 alilala kwenye meza ya upasuaji.

Nimekisimulia kisa hiki barazani zaidi ya mara moja, na majibu huwa ni mawili. Kuna anayesema, “Huyo anadeka tu.” Na kuna anayesema kwa sauti ya chini, “Huyo ana kitu. Angesomewa.” Siwacheki. Madaktari wa Ulaya walisema hayohayo kwa karibu karne nzima, ila wao waliyasema kwa Kilatini.

Kiswahili kina jina la kigugumizi, kina kithembe, kina bubu. Ugonjwa huu hatukuupa jina. Vitabu vya tiba huuita disfonia ya spazimu, na siku hizi zaidi distonia ya zoloto. Mimi katika sura hii nitauita mkabo wa sauti, kwa sababu ndivyo anavyouhisi mwenyewe: kama kuna vidole viwili ndani ya kikoromeo, vinavyobana na kuachia bila kumwomba ruhusa.

Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna mikunjo miwili ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti, ingawa si nyuzi hasa. Urefu wake hauzidi sentimita mbili na nusu. Unapopumua hukaa mbalimbali, na unapotaka kusema husogea zikagusana, hewa ya mapafu ikapita katikati na kuzitikisa: zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume, mara 200 hivi kwa mwanamke. Mwenye mkabo nyuzi zake ni nzima. Daktari akipitisha kamera puani na kuzitazama zikiwa zimetulia, hazina kidonda wala uvimbe. Kosa liko kwenye amri, si kwenye askari. Ubongo, katika maeneo yake ya ndani yanayopanga mienendo ya misuli, hutuma amri isiyo mahali pake, na misuli hutii.

Amri hiyo ina sura mbili. Iliyo ya kawaida zaidi, inayowapata wagonjwa wengi sana, ni ya kubana: nyuzi hugongana kwa nguvu katikati ya neno, na sauti hutoka kama ya mtu anayesema huku amebeba gunia la mchele. Nyingine ni ya kuachama: nyuzi hufunguka ghafla wakati zilipaswa kugusana, sauti ikageuka pumzi tupu, kama mnong'ono uliopotea njia. Wataalamu huzitofautisha kwa maneno wanayomtamkisha mgonjwa. Ya kubana hujionyesha kwenye irabu na konsonanti zinazotikisa koo. Ya kuachama hujionyesha kwenye konsonanti za pumzi kama p, t, k, f, s na h. Kwa Kiingereza humtaka mgonjwa ahesabu kuanzia 80 hadi 89 kwa ile ya kwanza, na kuanzia 60 hadi 69 kwa ile ya pili, kwa sababu ya sauti zilizomo katika majina ya namba hizo.

Hesabu hiyo haihamishiki kwenda Kiswahili, kwa kuwa themanini na sitini zetu zinaanza na kumalizika kwa namna nyingine. Nilijaribu siku moja kujitungia sentensi za mfano. Ya kwanza: “Wewe mwana, ondoa ugali ulioungua.” Iseme huku umeweka kidole kwenye kikoromeo, mtetemo haukatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili: “Kaka Hasani kafika Pate kupaka chokaa.” Hapa mtetemo unakatika karibu kila silabi. Sentensi hizi ni mchezo wangu, si kipimo cha hospitali, lakini zinaonyesha kwa nini mgonjwa mmoja hukwama kwenye ugali na mwingine kwenye chokaa.

Turudi kwenye lile la ajabu, kwamba koo lilelile linaimba na haliwezi kusalimia. Kucheka, kulia, kupiga miayo, kuimba, hata kunong'ona, mara nyingi husalimika. Kinachovurugika ni maongezi ya kawaida, kazi ambayo ubongo umeizoea kiasi cha kutoifikiria. Distonia nyingine, yaani magonjwa mengine ya amri potofu kwa misuli, nazo zina tabia hiyohiyo ya kuchagua kazi. Yuko mpiga piano ambaye kidole hukunjamana akigusa piano tu, na mwandishi ambaye mkono hukakamaa akishika kalamu lakini unashona na kukata vitunguu bila tatizo. Adams mwenyewe, kabla ya sauti, alishapatwa na distonia ya mkono wa kuchorea. Huu si ugonjwa wa kiungo wala wa roho. Ni ugonjwa wa kazi fulani.

Lakini nani angeliamini hilo mwaka 1871? Mwaka huo Ludwig Traube, daktari wa Berlin, alieleza hali ya mgonjwa mwenye sauti ya kukwama na kuiita aina ya mkakamao ya ukavu wa sauti unaotokana na neva. Baada yake kwa miongo mingi mkabo uliwekwa kapu moja na kile kilichoitwa histeria, na kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wanawake, kapu hilo lilijaa upesi. Mantiki yake ilionekana imara: kama koo linaweza kuimba, basi linaweza kusema, kama halisemi, mwenye koo hataki. Watu wakaulizwa habari za utoto wao na za ndoa zao. Mwaka 1968 wataalamu wa Mayo Clinic, Arnold Aronson na wenzake, walichapisha uchunguzi uliowaonyesha wagonjwa hao wakiwa na dalili za kineva, na ukadhoofisha hoja ya kwamba shida yao ni ya nafsi. Tuhuma haikufa siku hiyo. Mpaka leo wako wagonjwa wanaoambiwa wapunguze mawazo.

Nadhani tatizo ni sauti yenyewe. Mguu ukivunjika, watu huona mguu. Sauti ikivunjika, watu husikia tabia. Sauti inayotetemeka tunaisikia kama woga, inayokatika tunaisikia kama kilio, inayobana tunaisikia kama hasira au uongo. Mpigie mama simu na sauti isiyo yako uone: “Kuna nini? Mbona unalia?” Mwenye mkabo huishi akisomwa vibaya namna hiyo kila siku, na msongo wa kusomwa vibaya humzidishia kubana. Kisha huambiwa, unaona, ni msongo.

Ni wangapi? Hapa lazima kwanza nitenge mchele na chuya, kwa sababu matatizo ya sauti kwa jumla ni mengi mno. Nchini Marekani mtu mzima mmoja kati ya 13 hivi hupata tatizo la sauti katika mwaka. Utafiti mkubwa uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba karibu walimu 58 katika kila 100 waliwahi kupata tatizo la sauti maishani, wakati kwa watu wa kazi nyingine walikuwa 29. Na hao ni walimu wa madarasa ya Marekani. Mwalimu wa shule ya msingi anayepaza sauti mbele ya watoto sabini, chini ya bati ambalo mvua ikianza hakuna anayesikia, hahitaji utafiti kumweleza kitu. Ongeza kondakta wa daladala, dalali wa mnada, mhubiri wa stendi. Wengi wao wana vinundu kwenye nyuzi za sauti au uvimbe wa kuchosha koo, na dawa ya hayo ni kupumzisha sauti, kunywa maji na kujifunza kutumia pumzi vizuri.

Ndani ya umati huo mwenye mkabo hupotea. Mjini Rochester, Minnesota, ambako rekodi za hospitali zimetunzwa kwa uangalifu kwa miongo mingi, hesabu iliyochapishwa mwaka 1988 ilipata watu watano hivi kwa kila 100,000. Kwa Amerika Kaskazini yote makadirio yanayotajwa sana ni watu 50,000. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na kwa kawaida ugonjwa huanza kati ya miaka 30 na 50, umri ambao mtu anategemewa kazini na nyumbani. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Uwiano wa Rochester ukitumika kwao, wanapatikana wagonjwa 270 hivi. Hiyo ni hesabu ya kalamu tu, haikumpima mtu yeyote, lakini inatosha kunifanya nijiulize 270 hao wanaitwaje huko waliko. Bila shaka wako walioambiwa wana mafua sugu, na wako waliohama kazi.

Hata kunakopatikana wataalamu, jina la ugonjwa huchelewa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza wagonjwa 107 walifikaje kwenye jibu. Kwa wastani ilikuwa imepita miaka minne na miezi kadhaa tangu walipomwona daktari kwa mara ya kwanza, na walikuwa wamepitia madaktari wanne. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha mkabo peke yake. Unathibitishwa kwa sikio lililozoea, kamera ya kuhakikisha hakuna kingine, na mtaalamu wa neva wa kukagua mtetemo wa viungo vingine.

Huku kwetu njia ina vichochoro zaidi. Kwanza asali, tangawizi na limao, ambavyo havina kosa lolote ila haviwezi kufika amri inakotoka. Kisha antibayotiki za dukani, ambazo kosa zinalo. Na wapo wanaonyooshea kidole kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kimeo hulaumiwa kwa kikohozi kisichokoma, na wakataji wake wanajulikana mitaani. Waliokatwa hufikishwa hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi. Kimeo hakifanyi sauti. Kukikata kwa ajili ya mkabo ni kama kung'oa pazia ili kutengeneza redio. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki nne inastahili daktari wa masikio, pua na koo, si kwa sababu ya mkabo, ambao ni nadra, bali kwa sababu saratani ya zoloto nayo huanza hivyohivyo.

Historia ya matibabu inaanzia kwa nguruwe. Katika karne ya pili, Galeni, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma, alimfunga nguruwe mbele ya watazamaji, akamchana shingo wakati anapiga kelele, akakata neva nyembamba pembeni ya koo. Nguruwe akaendelea kufurukuta, lakini kimya. Neva hiyo ina njia ya kushangaza: upande wa kushoto hutoka kichwani, hushuka mpaka kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu wa moyo, kisha hupanda tena hadi zoloto. Kwa twiga, safari hiyo ya kwenda na kurudi inapita mita nne, ili kufika mahali palipokuwa karibu na ilikoanzia.

Mwaka 1976 Herbert Dedo, daktari wa San Francisco, aliikata neva hiyohiyo kwa makusudi. Alianza kwa kuitia ganzi upande mmoja, na wagonjwa wa mkabo wakasema, kwa sauti ya pumzi lakini isiyokwama. Basi akaikata moja kwa moja. Habari zikaenea kwa furaha, na wagonjwa wakasafiri kutoka mbali. Miaka michache baadaye Aronson, yuleyule wa Mayo Clinic, alifuatilia kundi la waliokatwa kwa muda wa miaka mitatu na kukuta karibu theluthi mbili wamerudi kubanwa, wengine zaidi ya mwanzo. Ubongo ulikuwa umeutumia upande uliobaki kufanya fujo ya pande mbili.

Kilichofuata kilitoka kwenye soseji. Mwanzoni mwa karne ya 19 Justinus Kerner, daktari na mshairi wa kusini mwa Ujerumani, alichunguza watu waliopooza na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika, na akabashiri kwamba sumu ya soseji hizo, kwa kipimo kidogo, ingeweza kuwa dawa ya misuli isiyotulia. Sumu ikaja kuitwa botulinamu, kutokana na neno la Kilatini la soseji. Huzuia neva isimwage kemikali inayouambia msuli ujikaze. Ilibidi ingoje zaidi ya miaka 150, mpaka Alan Scott wa San Francisco alipoitumia kunyoosha macho yenye makengeza. Mwaka 1984 Andrew Blitzer na wenzake huko New York wakaichoma kwenye koo la mgonjwa wa mkabo.

Leo ndiyo tiba inayotumika zaidi. Mgonjwa huegemezwa nyuma, shingo wazi. Sindano hupita kwenye utando mdogo chini ya kikoromeo, na mara nyingi huwa imeunganishwa na mashine inayogeuza umeme wa misuli kuwa sauti. Daktari husema, “Tamka iii,” na kipaza sauti kikinguruma kama mvua juu ya bati, anajua yuko ndani ya msuli wenyewe. Hapo humwaga dawa kiasi ambacho ni tone la tone: yuniti moja au mbili, huku mwanamke anayefuta mikunjo ya paji la uso akitumia kama 20. Kwa wiki moja au mbili sauti huwa pumzi tupu na maji hupalia. Halafu huja miezi mitatu au minne ya kusema kama watu, kisha neva huota vichipukizi vipya, mkabo hurudi, na mgonjwa naye hurudi kwenye kiti. Kwa ile aina ya kuachama, msuli unaolengwa uko nyuma ya zoloto, sindano hufika kwa taabu na matokeo hayana uhakika. Ajabu ni kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani haijawahi kuidhinisha rasmi Botox, jina la kibiashara la dawa hii, kwa kazi hii. Madaktari huitumia kwa uzoefu. Japani iliidhinisha mwaka 2018.

Japani ilikuwa na njia yake nyingine. Nobuhiko Isshiki wa Kyoto hakugusa neva wala msuli. Alipasua gegedu la mbele ya zoloto katikati, akalitanua milimita chache, na kuweka vidaraja vya titani vilizuie lisijifunge. Amri mbaya hubaki, lakini nyuzi zinapobana hazina pa kubania. Robert F. Kennedy Jr., waziri wa afya wa Marekani tangu 2025, ambaye sauti yake ilianza kukwaruza akiwa na miaka 42, alisafiri mpaka Kyoto kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Los Angeles nako, Gerald Berke alibuni upasuaji wa kukata vitawi vya neva vinavyobana na kuvishonea neva nyingine, ili ile ya zamani isipate nafasi ya kuota tena. Hakuna kati ya hizi inayoondoa distonia kichwani. Mazoezi ya mtaalamu wa sauti husaidia zaidi pale yanapofuata sindano, kumwondolea mgonjwa mbinu za kujikamua alizojizoesha kwa miaka.

Aliyenifanya niandike sura hii, hata hivyo, si Adams wala waziri. Ni Diane Rehm, mtangazaji wa redio ya WAMU ya Washington, ambaye kipindi chake cha mahojiano kilisikika Marekani nzima. Mtu ambaye riziki yake ni sauti alianza kuisikia inatetemeka na kukwama miaka ya 1990, na mwanzoni mwa 1998 akatoka hewani asijue kama atarudi. Jina la ugonjwa lilipopatikana, akachomwa sindano na akarudi kwenye kipaza sauti. Hakurudi na sauti ya zamani. Alirudi na sauti ya polepole, yenye mikwaruzo, inayozeeka mbele ya masikio ya watu, na akawaambia wasikilizaji ni kitu gani.

Kila baada ya miezi kadhaa alipotea kidogo hewani, akachomwa, akasubiri sauti ya pumzi ipite, akarudi. Aliendelea hivyo kwa miaka 18. Wageni wake waliongea haraka. Yeye aliuliza taratibu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na wakati mwingine kimya cha kati ya maneno yake ndicho kilichomfanya mgeni aongeze neno alilokusudia kulificha. Aliaga kipindi hicho Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 80.